Swali la "nani": Ukristo, uchawi na ramli magharibi mwa Kenya

Matanga ya kijana aliyegongwa na lori huwa na mahubiri mawili. Ya kwanza hutoka kwenye spika, chini ya hema, mchungaji akisoma Ayubu: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Ya pili hayana spika. Hufanyika nyuma ya jiko, akina mama wakisonga ugali wa umati, au kwenye viti vya plastiki ambako wazee wamejitenga kidogo na jeneza. Huko hakuna anayebisha kwamba lori lilikatika breki. Kinachoulizwa ni kwa nini breki zikatike siku ile, pale, wakati huyu ndiye anavuka barabara na si mwingine. Na kufikia usiku wa pili, swali huwa limeshapata jina la mtu.

Waliomo katika mahubiri yote mawili ni watu wale wale. Mchana wanaitikia amina, usiku wananong'ona, na ukiwauliza watakwambia suala ni moja tu: uchawi upo au haupo? Mimi naona swali hilo ndilo linalokaza fundo, kwa sababu limebeba maswali mengine tumboni. Je, mtu anaweza kumdhuru jirani kwa nguvu zisizoonekana? Hilo Wakristo wamelibishania karne na karne. Je, ni halali kutafuta mambo yaliyofichika kwa bao, kwa pepo au kwa wafu? Hapo karibu wote wanasema hapana. Halafu lipo moja ambalo halihubiriwi sana: ni nani aliyepewa kazi ya kumtaja mchawi kwa jina?

Bao, wafu na mfalme aliyejificha

Andiko ambalo kila mhubiri analijua ni Kumbukumbu la Torati 18:10–12. Limewakusanya mafundi wote mahali pamoja: atazamaye bao, mwenye kubashiri, msihiri, alogaye kwa kupiga mafundo, apandishaye pepo, mchawi, na awaombaye wafu. Ukisoma polepole utaona kwamba sehemu kubwa ya hao si watu wa kuroga. Ni watu wa habari. Anayetazama bao hamuui mtu. Anakueleza kilichomo gizani. Wajaluo wanamweka mchawi, jajuok na janawi, upande mmoja, na mganga mpiga ramli, ajuoga, upande mwingine. Abagusii wanamweka omorogi huku, omoragori kule. Kwa mtazamo huo wa zamani mmoja ni adui, na mwingine ndiye unayemkimbilia ili akutajie adui. Torati haikuukubali mgawanyo huo. Imewafunga wote kwenye fungu moja, mganga mpiga ramli na mchawi ambaye mganga huyo anadai kumtambua.

Sura yenyewe inaendelea, ingawa mahubiri mengi hukomea hapo. Baada ya kukataza bao, Mungu anaahidi nabii, na mara moja anaweka kipimo chake: akinena kwa jina la Bwana na neno lisitimie, huyo amejisemea tu, usimwogope. Kwa hiyo sura inayompiga marufuku mpiga bao ndiyo hiyo hiyo inayomweka nabii kwenye mizani. Tutarudi kwa manabii.

Kisa kinachoonyesha jinsi marufuku hii inavyovunjwa ni cha Sauli, 1 Samweli 28. Mfalme huyu alikuwa amewafukuza nchini wenye pepo wa utambuzi na wachawi. Kisha Wafilisti wakapiga kambi, akaogopa, akamwuliza Bwana, asijibiwe kwa ndoto, wala kwa Urimu (kura takatifu ya makuhani), wala kwa manabii. Akabadilisha mavazi, akaenda usiku na watu wawili hadi kwa mwanamke wa En-dori amwitie Samweli, ambaye alikuwa ameshakufa. Ukikaa Kondele mjini Kisumu au Kaptembwa mjini Nakuru muda mrefu utamfahamu Sauli huyu kwa sura. Ni mzee wa kanisa anayeshuka matatu kituo kimoja kabla, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akimtafuta "daktari" ambaye bango lake limebandikwa kwenye mlingoti wa stima: mapenzi, kesi, mali iliyopotea, kupandishwa cheo. Hana tofauti na Sauli hata katika sababu. Aliomba kwanza, akaona kimya kimezidi.

Ni nani aliyepanda usiku ule En-dori? Makanisa hayajakubaliana, na tofauti yao inafurahisha. Biblia ya Wakatoliki ina kitabu cha Yoshua bin Sira, na sura ya 46 inasema Samweli alitoa unabii hata baada ya kulala mauti. Kwa hiyo Mkatoliki ana andiko la kusema alikuwa Samweli kweli, kwa ruhusa ya Mungu na si kwa ustadi wa yule mama. Waadventista, ambao ni wengi Kisii na Nyamira, na ambao misheni yao ilianza Gendia mwaka 1906, hawana kitabu hicho katika Biblia yao, na wanasimamia Mhubiri 9:5, kwamba wafu hawajui neno lolote. Kwao aliyesema alikuwa pepo aliyevaa sura ya Samweli. Mbishi wa Kiadventista na mbishi wa Kikatoliki wanaweza kukesha juu ya jambo hili wakamaliza birika zima la chai. Lakini wakifika mwisho wanasema kitu kimoja: Sauli hakupaswa kwenda. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 10, kinataja safari hiyo miongoni mwa sababu za kifo chake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inakataa namna zote za uaguzi katika kifungu cha 2116: kuita wafu, kusoma viganja, kutazama nyota, kupiga ramli za kila aina. (Wapo wanaomcheka mama mwenye hirizi kiunoni huku wao wenyewe wanafungua gazeti kwenye ukurasa wa nyota zao kabla ya habari.) Kifungu kinachofuata kinakataa uchawi hata kama nia ni kumponya mgonjwa, na kinakemea kuvaa hirizi. Kuhusu tiba za jadi kinasema zisiwe kisingizio cha kuita nguvu za uovu au kuwanyonya wepesi wa kuamini. Maana yake mwarobaini uliochemshwa haujawa dhambi. Tatizo linaanza pale anayekupa mwarobaini anapokwambia pia ni shemeji yako gani aliyekuroga.

Kuna wanaouliza, na wana haki: mbona Yusufu alikuwa na kikombe cha kuagulia, Mwanzo 44? Mbona mamajusi walifuata nyota, na mitume wakampata Mathiya kwa kura? Kikombe kinatajwa ndani ya hila ya kuwapima ndugu zake, na hakuna mahali Yusufu anaonekana akikitumia. Ndoto alizitafsiri kwa kusema wazi kwamba tafsiri ni ya Mungu. Mamajusi walikuwa wageni, na hadithi haiwaweki kama walimu wa njia hiyo. Kura ya Mathiya ilipigwa hadharani, baada ya maombi, kati ya watu wawili ambao wote walifaa. Baada ya Pentekoste haisikiki tena. Sioni kama hoja hizi zinaifungulia ramli mlango.

Je, mchawi ana nguvu?

Hapa ndipo watu wengi wanadhani Biblia imejaa majibu, kumbe imejaa kimya. Tafuta ndani yake mtu aliyeugua kwa sababu jirani alimroga, akapona baada ya jirani kugunduliwa. Hayupo. Kisa kilicho karibu zaidi ni cha Balaki, mfalme wa Moabu, aliyemkodi Balaamu awalaani Waisraeli (Hesabu 22–24). Fedha zilikuwepo, madhabahu saba zikajengwa, mahali patatu tofauti pakajaribiwa, na kila mara kikatoka baraka. Maneno ya Balaamu ndiyo yanayopigiwa kelele kwenye mikesha hadi leo: "Hakika hapana uchawi juu ya Yakobo, wala hapana uganga juu ya Israeli." Yanapigiwa kelele, halafu mhubiri anatumia saa tatu kueleza jinsi uchawi ulivyoshika ukoo mzima. Hapo huwa napotea.

Agano Jipya halisemi wachawi ni hadithi tu. Simoni wa Samaria aliwashangaza watu (Matendo 8), Elima alimpinga Paulo huko Pafo (Matendo 13), na binti wa Filipi mwenye pepo wa uaguzi aliwapatia bwana zake faida nyingi (Matendo 16). Ona hilo neno faida: Paulo alipomtoa yule pepo, kilichowakasirisha wenye binti ni biashara kufa, wakampeleka Paulo mahakamani. Simoni aliambiwa atubu. Efeso, waliokuwa wakifanya mambo ya uganga walileta vitabu vyao wenyewe vikachomwa, thamani yake vipande vya fedha 50,000. Walichoma vitabu vyao. Hakuna aliyechoma nyumba ya jirani.

Historia ya kanisa baadaye haikunyooka. Kwenye mwaka 906 hivi ilianza kusambaa Ulaya kanuni ya kanisa, maarufu kama Canon Episcopi, iliyosema wanawake wanaodai kuruka usiku na mungu mke Diana wamedanganywa na Shetani ndotoni, na anayeamini kwamba safari hizo ni za kweli ndiye aliyeiacha imani. Fikiria hilo: kwa karne kadhaa kosa lilikuwa kuamini kwamba wachawi wanaruka. Kufikia karne ya 15 upepo uligeuka. Mwaka 1484 Papa Innocent VIII alitoa waraka wa kuwaunga mkono wachunguzi wa uchawi Ujerumani, na miaka michache baadaye Heinrich Kramer akachapisha mwongozo wa kuwasaka. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba watu kati ya 40,000 na 60,000 waliuawa Ulaya kwa tuhuma za uchawi kabla wimbi halijapoa katika karne ya 18. Waprotestanti hawakuwa nyuma ya Wakatoliki. Friedrich Spee, padri Mjesuiti, aliandika mwaka 1631, bila kutia jina lake, kwamba mateso ndiyo yaliyokuwa yakizalisha wachawi: mtese yeyote vya kutosha, atakiri na kutaja wengine.

Wamisionari waliofika kwetu walitoka katika Ulaya na Marekani zilizokwisha kuaibika na mambo hayo. Wakwekeri walifika Kaimosi mwaka 1902, Waanglikana wakaanzisha Maseno mwaka 1906, na mtazamo wa wengi wao ulikuwa kwamba uchawi ni giza litakaloondolewa na shule na hospitali. Walijenga zote mbili, na Mungu awabariki kwa hilo. Ila mtu aliyekuja kwao akisema "ninakufa, nimerogwa" alipewa kwinini na kuambiwa aache ujinga. Hofu yake alirudi nayo nyumbani.

Pengo hilo lilijazwa na makanisa ya Roho na, kwa kishindo zaidi, na Legio Maria, iliyojitenga na Kanisa Katoliki Nyanza Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Aoko alikuwa mama kijana aliyefiwa na watoto. Alizunguka vijijini akiwaambia watu walete hirizi na vibuyu vichomwe, na walileta. Ukiiona Legio kama vituko vya kanzu za rangi hutaielewa. Ilikuwa kanisa la kwanza kwa wengi lililoketi chini na mwenye hofu likasema, ndiyo, nimekusikia, na dawa ipo bila kwenda kwa ajuoga. Wapentekoste walipoenea, wakitokea vituo kama Nyang'ori, walikuta njia imeshalimwa.

Kwa hiyo leo muumini wa Kisumu anasikia sauti tatu kwa wiki moja. Kwenye misa anaambiwa ushirikina ni dhambi. Daktari anamwambia ni shinikizo la damu. Kwenye kesha la Ijumaa anaambiwa ni shangazi.

"Tangu lini?"

Hilo la shangazi ndilo linalonifanya niandike. Namna inavyofanyika nimeiona zaidi ya mara moja, na haibadiliki sana. Muziki unashushwa, mpiga kinanda anashikilia sauti moja. Mtumishi anafunga macho. "Kuna mama hapa, upande huu, tumbo linakusumbua." Mikono sita inainuka. Anachagua mmoja. "Namwona mwanamke wa makamo, mweusi, mna undugu naye, boma lake liko upande wa chini. Kuna kitu alikuomba ukakataa." Mama analia, kwa sababu ni nani asiye na jirani wa upande wa chini aliyewahi kuomba kitu akanyimwa? Jina halikutajwa. Halihitaji kutajwa, mama atalijaza mwenyewe kabla bodaboda haijamfikisha nyumbani. Kisha sadaka inapandwa na mafuta yananunuliwa.

Mimi naiita hiyo ramli. Hakuna bao wala kibuyu, na jina la Yesu limetajwa mara nyingi, lakini kazi inayofanyika ni ile ile ya omoragori: kumwambia mgonjwa nani amemroga, kwa malipo. Ezekieli 13 inawakemea wanawake wa namna hiyo katika watu wa Mungu wenyewe, waliokuwa wakizinasa roho za watu kwa makonzi ya shayiri na vipande vya mikate.

Sasa mtazame Yesu akiwa na mgonjwa. Katika Marko 9 baba anamletea mtoto anayeanguka, anayetoa povu, anayetupwa motoni na majini. Mathayo anaita kifafa. Yesu anauliza swali moja la uchunguzi: "Amepatwa na haya tangu lini?" Tangu lini. Ndilo swali la mhudumu yeyote wa zahanati. Anamtoa pepo, hamwulizi baba amegombana na nani shambani. Soma visa vyote vya pepo katika Injili nne. Hakuna hata kimoja ambamo anauliza pepo ametumwa na nani.

Katika Yohana 9 wanafunzi wanaulizia chanzo cha upofu, ni dhambi ya nani, na anawakatalia: si huyu, wala si wazazi wake. Luka 13 iko karibu zaidi na matanga yetu. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 ukawaua. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, aliyeishi na Wazande wa Sudan, aliandika mwaka 1937 kuhusu ghala linaloanguka na kuwaua waliokaa kivulini. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichotaka kujua ni kwa nini lianguke wakati hawa ndio wamekaa, na jibu lao likawa uchawi. Ndilo swali la lori na breki. Yesu aliletewa habari za namna hiyo na hakutoa jina. Alisema wale 18 hawakuwa wakosaji kuliko wengine, kisha akawageuzia wasikilizaji: msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo. Ni jibu gumu. Halimfariji mfiwa kama jina la jirani linavyomfariji, na nadhani ndiyo sababu linasomwa kwa nadra kwenye matanga.

Mtetezi wa manabii atanikumbusha Akani. Yoshua 7: mwizi alitambuliwa kwa kura. Kweli. Lakini Akani alikiri, wajumbe wakakimbia hemani wakayakuta yamefukiwa: vazi la Shinari, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu. Kila mtu aliyaona kwa macho. Nabii Nathani naye alimwendea Daudi mwenyewe, uso kwa uso, kuhusu dhambi ya Daudi mwenyewe, na Daudi alikuwa mfalme. Kidole cha nabii wa Biblia kwa kawaida kinaelekea kwa aliye mbele yake, tena mwenye nguvu. Cha mikesha yetu kinaelekea kwa asiyekuwepo, na mara nyingi ni mjane mzee mwenye robo eka ambayo wapwa wanaitaka.

Ukifunua ukurasa mmoja tu kutoka ile sura ya 18 ya bao, unafika sura ya 19. Neno litathibitika kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu, na shahidi wa uongo atatendwa vile alivyokusudia kumtenda nduguye. Hapo ndipo pia ninapomjibu anayenirushia Kutoka 22:18, "Usimwache mwanamke mchawi kuishi." Amri hiyo iko ndani ya sheria ya taifa lenye waamuzi na mashahidi, na jirani zake ni amri kama ya kumuua mtoto aliyemlaani mama yake, Kutoka 21:17. Sijasikia kijiji kilichotekeleza hiyo.

Ndoto si shahidi. Salem, Marekani, ililijua hilo mwaka 1692 ikiwa imechelewa. Mahakama ilipokea ushahidi wa mizuka, yaani mtu kudai sura ya jirani yake ilimjia na kumtesa, na watu 19 walinyongwa, mmoja akafa kwa kubanwa chini ya mawe. Mhubiri Increase Mather aliandika kwamba ni afadhali wachawi kumi wanaoshukiwa waponyoke kuliko mmoja asiye na hatia ahukumiwe. Naye aliamini wachawi wapo! Mwaka 1697 mmoja wa mahakimu, Samuel Sewall, alisimama kanisani wakati toba yake ikisomwa mbele ya waumini.

Huku kwetu, Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, waliteketezwa kwa moto eneo la Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 akina mama wanne wazee waliuawa Marani, katika kaunti hiyo hiyo, kwa tuhuma za namna hiyo. Ni kaunti iliyojaa makanisa, na umati unaofanya hivyo hautoki mwezini.

Serikali nayo ina sheria, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, ambayo wazee wengi huinung'unikia kwamba inawalinda wachawi. Inamwadhibu anayejifanya ana nguvu za kuroga, na inamwadhibu pia anayemwita mwenzake mchawi: hadi miaka 5 jela, isipokuwa aliyepeleka shauri lake kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka mwingine. Ni sheria ya kikoloni na ina kasoro zake, lakini kuhusu anayetaja majina haiko mbali na Kumbukumbu la Torati 19.

Basi anayeniuliza afanye nini akiambiwa kesha kwamba ni jirani wa upande wa chini, namshauri amwombe mtumishi aandike jina hilo kwenye karatasi, aandike na alichoona, kisha atie sahihi na namba ya kitambulisho. Wamejaribu wachache ninaowajua. Karatasi yenyewe bado sijaletewa.